Mwongozo nao uchimbwe upya kama ngolo

Andika 7/2 katika toleo la zamani la Python, lugha ya kuandikia programu, kompyuta inajibu 3. Andika vivyo hivyo katika Python ya leo, inajibu 3.5. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Sasa mfikirie kijana wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, anayejifunza mwenyewe kutengeneza programu ya kugawa mavuno ya dagaa kwa wenye mtumbwi. Kitabu alichoazimwa kinasema 3, kompyuta inasema 3.5. Aamini kipi? Mjini angemuuliza mwenzake aliyeketi jirani. Yeye mwalimu wake ni mwongozo peke yake.

Ndiyo maana nasema kuandika mwongozo wa rejea ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuuhuisha.

Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kitabu chao cha lugha ya programu ya C mwaka 1978. Lugha ikakua, nao mwaka 1988 wakatoa toleo la pili, likifuata kiwango kipya kilichokuwa kikiandaliwa Marekani. Python ya Guido van Rossum, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, ilibadilika sana ilipofika Python 3, Desemba 2008. Amri ya print, iliyozoeleka kuandikwa bila mabano, ikaanza kuyadai. Kugawanya namba nzima kukaacha kudondosha desimali. Huduma ya Python 2 ilikoma mwanzoni mwa 2020, lakini vitabu vyake havikukoma kuazimwa.

Mwongozo rasmi wa Python una dawa yake. Chini ya maelezo huandikwa jambo hili lilianza toleo gani, lilibadilika toleo gani, na lipi liko njiani kuondolewa. Ni mstari mmoja tu, lakini humwonyesha msomaji mahali kitabu chake na mashine yake vilipoachana.

Wamatengo wa milima ya Mbinga wanaijua kazi hii ya kuhuisha. Katika kilimo chao cha ngolo hulaza nyasi miraba miraba, huzifukia kwa udongo uliochimbwa katikati, hupanda maharage, kisha mahindi. Mzunguko ukiisha, shamba huchimbwa upya, na palipokuwa tuta panakuwa shimo. Ngolo hudumu mtelemkoni kwa sababu haiachwi ichakae.

Katika kuandika miongozo kama hiyo, Kiswahili hakianzii sifuri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na maneno ya kompyuta yakapatikana. Sasa tunahitaji miongozo ya lugha za programu, pamoja na watu wa kuirudia kila toleo linapotoka; Python peke yake hutoa jipya kila mwaka, mwezi Oktoba.

Walimu wa kompyuta na wataalamu wa lugha, anzeni na ukurasa mmoja tu, wa kugawanya. Andikeni 7/2, andikeni jibu lake, na chini yake toleo mlilojaribia. Hapo kijana wa Ngumbo atajua aamini kipi.