Ethiopia Yatafuta Bahari, Isiolo Twangoja Mzigo

Kutoka Isiolo, kaskazini mwa Kenya, mpaka wa Ethiopia uko karibu kuliko bandari ya Mombasa. Mimi nauza nafaka hapa mjini, na maharagwe ya Moyale, mji wa mpakani, yakichelewa, huuliza kwanza habari za Ethiopia ndipo niulize za barabara.

Jirani huyu ana watu zaidi ya milioni 120, lakini tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993 hana pwani. Karibu mzigo wake wote hupita Djibouti. Ndiyo maana Waziri Mkuu Abiy Ahmed, Oktoba 2023, alitamka waziwazi kwamba nchi yake haiwezi kuishi bila njia ya Bahari ya Shamu. Januari 1, 2024 akatia saini makubaliano ya njia ya bahari na Somaliland. Somalia, inayoihesabu Somaliland kuwa sehemu yake, ilikasirika, ikamtimua balozi wa Ethiopia. Misri nayo, yenye ugomvi wake na Ethiopia juu ya maji ya Nile, ikapeleka silaha Mogadishu. Desemba mwaka huohuo Uturuki ndiyo iliyozipatanisha Ethiopia na Somalia, kule Ankara.

Kwetu Kenya, Ethiopia ilikuja kwa upole zaidi. Machi 2012 Rais Kibaki wa Kenya, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua mradi wa LAPSSET huko Lamu: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, njia zikutane Isiolo. Wakati ule tulikuwa bado tunakumbuka lami ikikomea hapa mjini. Zaidi ya hapo ilikuwa vumbi, na mvua iliponyesha, lori lilikwama njiani hadi utingo anunue chakula kwa mkopo. Leo lami inafika Moyale, kama kilomita 500, na gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Reli ya Isiolo haijajengwa.

Tangu Novemba 2022 Kenya hununua umeme wa Ethiopia, unaoshuka kwa nyaya hadi Suswa. Nafurahia umeme huo. Lakini bwawa la umeme la Ethiopia, Gibe III, limejengwa kwenye mto Omo, unaoliletea Ziwa Turkana takriban asilimia 90 ya maji yake, na wavuvi wa Turkana hawakushirikishwa ipasavyo. Hilo linaniuma.

Ethiopia inamhitaji mwenye bahari, na Kenya ina Lamu. Basi Nairobi ikikaa tena na Addis Ababa kuzungumzia bandari, izungumzie pia maji ya Omo, na iwaite mezani wachuuzi wa Moyale, wafugaji wa Marsabit na sisi wa Isiolo, kabla ya kutia saini.