Oili ya trekta kabla ya mvua: W iacheni, someni C



Mvua ziko karibu na swali ni lilelile la kila msimu, uwe stendi, uwe gereji, uwe hapa hapa kafe Mugumu mjini: niweke oili gani kwenye trekta la mzee? Juzi kuna dogo kaingia Google akakuta makala za Wazungu za kuchagua oili kabla ya majira ya baridi, katoka na jibu la 5W-30, kamtumia mzee wake meseji. Mzee kafika dukani na ile meseji, muuzaji kamuuliza, mzee, una trekta au una Vitz?

Dogo hakukosea kusoma, ila alisoma ya watu wa theluji. Mimi nimekulia kwenye trekta, bro wangu anakodisha Massey Ferguson 240 na nimekuwa utingo wake misimu kadhaa, kwa hiyo leo naomba tuisome lebo ya kopo pamoja, herufi kwa herufi.

Tuanze na ile 15W-40. W maana yake ni "winter", yaani majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Vipimo hivi vinatoka kwa chama cha mainjinia wa magari cha Marekani kinachoitwa SAE. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyofanya kazi kwenye baridi kali tu. Ili oili iitwe 15W lazima injini iweze kuzunguka kuwashwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na pampu iweze kuivuta kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. 20W inapimwa kwenye 15 chini ya sifuri. 5W ndiyo ya balaa, nyuzi 30 chini ya sifuri. Sasa niambieni, hapa Serengeti hata ile asubuhi ya Julai ambayo bibi anaota moto na blanketi mbili, maji ya ndoo yameganda lini? Mkulima wa Poland ana haki ya kukosa usingizi kwa ajili ya W. Sisi 15W inatutosha na kubaki, 20W pia inawaka bila matata.

Kwa hiyo hiyo namba ya kwanza tusigombane. Namba ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa sababu inapimwa injini ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Oili ya 40 lazima uzito wake uwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki, ya 50 inaanzia 16.3 mpaka 21.9. Ya 30 iko chini ya 12.5. Trekta linalovuta plau la sahani tatu kwenye udongo mgumu, jua la saa nane, mwendo wa kobe kiasi kwamba hata upepo wa kupoza hakuna, linahitaji oili isiyogeuka maji. Ndiyo maana 40 ni chaguo la kawaida la injini hizi.

Hapo najua kuna wazee watasema "nzito zaidi ndiyo bora, weka 20W-50". Siwapingi moja kwa moja. Injini iliyochoka, ringi zimelika, inakula oili na moshi wa bluu unatoka, ukiiweka 50 presha itapanda kidogo na ulaji utapungua. Lakini hiyo ni bandeji, kidonda kipo palepale. Injini nzima ukiiwekea oili nzito kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu chake unachoma dizeli ya bure, na asubuhi oili inachelewa kufika juu kwenye vali. Na zile SAE 40 zenye namba moja tu? Perkins za zamani zilikuwa zinaruhusiwa oili za aina hiyo kulingana na joto la mahali, hazitaua trekta. Ila asubuhi ni nzito, na dakika za kwanza baada ya kuwasha ndipo vyuma vinasagana. Kama tofauti ya bei ni ndogo chukua 15W-40.

Sasa tufike kwenye kinachoua matrekta huku kwetu, na wala si namba.

Geuza kopo utafute neno API na herufi mbili tatu zinazofuata. Zikianza na S (SG, SL, SN na ndugu zake) hiyo ni oili ya injini ya petroli. Zikianza na C ni ya dizeli. Hapo ndipo mtu anaponunua 20W-50 nzuri tu, kopo linang'aa, kumbe ni SG ya gari la petroli, anaimwaga kwenye Massey. Namba sawa, kazi tofauti. Dizeli inatoa masizi mengi na tindikali, kwa hiyo oili yake huwekewa dawa ya kusafisha na kuyabeba yale masizi yasigandane, na dawa ya kuua tindikali. Oili ya petroli haijaandaliwa kwa mzigo huo. Masizi yanagandana, yanakuwa tope, tope linaziba chujio la pampu chini kwenye sampo, basi tena.

Msimu uliopita nimeshuhudia trekta moja upande wa Natta limenoki siku ya tatu ya mvua. Fundi alipofungua sampo, tope jeusi kama grisi, metali za krenki zimeliwa mpaka zinang'aa shaba. Oili ilinunuliwa ya kupima, kwenye chupa za maji, hakuna aliyeweza kusema ilikuwa ya nini. Wakulima walikuwa wameshatoa advansi kwa ekari zao na hela ilishaingia kwenye dizeli na plau. Metali na ringi zikafuatwa Mwanza, krenki ikaenda kuchongwa. Wenye ng'ombe wakarudi kwenye plau la ng'ombe (ambalo, Wakurya watanicheka, halihitaji oili kabisa), wasio na ng'ombe wakasubiri. Mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa mnajua yanavyokutana na jua kabla hayajabeba. Kopo moja la oili, jamani, na familia za watu kibao zimeharibikiwa mwaka.

Tukirudi kwenye C. Baada ya C kuna herufi nyingine inayoonyesha umri wa kiwango. CD ni ya mwaka 1955, na API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi za dizeli zilizotengenezwa baada ya 1994. CF-4 ni ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, CK-4 ya mwishoni mwa 2016. Massey 240 yenye Perkins ya silinda tatu isiyo na turbo haina makuu, CF-4 inaitosha. Lakini mimi nasema chukua CH-4 au CI-4 ukiipata, kwa sababu inabeba masizi vizuri zaidi, na trekta lenye turbo usishuke chini ya hapo. Hizo mbili zilitengenezwa kwa kufikiria hata dizeli yenye salfa mpaka asilimia 0.5, salfa ndiyo inayozaa tindikali. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia kwenye dizeli ya salfa sehemu 50 kwa milioni, hivyo ukinunua kituo kinachoeleweka tindikali imepungua sana. Ile dizeli ya kwenye madumu pembezoni mwa barabara ni habari nyingine.

CJ-4 na CK-4 zina majivu machache kwa sababu ya vichujio vya moshi vya magari mapya ya Ulaya na Marekani. Bomba la Massey letu lina kikopo cha maziwa kuzuia mvua, kichujio cha moshi cha wapi? Haiharibu, ila unalipia kitu usichokitumia. Waliopata Farmtrac au New Holland kupitia SUMA JKT enzi za Kilimo Kwanza ya 2009, na wenye Ursus zilizounganishwa Kibaha, fungueni kitabu cha trekta lenu, kama kimeliwa na panya ombeni picha kwa mwenzenu kwenye simu. Msinakili ya Massey.

Kiasi nacho kina fitina yake. Massey 240 inachukua karibu lita 7 pamoja na filta. Dumu ni lita 5. Mtu ananunua dumu moja, zile mbili zilizobaki anazitafuta popote, ndipo S na C zinapokutana sampo moja. Nunua zote siku moja, aina moja. Na filta mpya kila unapomwaga, kuiacha ya zamani ni kuoga halafu ukavaa shati la jana.

Kumwaga lini? Kabla ya mvua, injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke nao. Vitabu vingi vya matrekta haya vitakuambia saa 200 au 250 za kazi. Tatizo mita ya saa kwenye trekta la zamani inaendeshwa na mzunguko wa injini, na mara nyingi ilishakufa tangu mwenye trekta wa kwanza. Dawa ni daftari la shilingi mia chache: ekari moja ikikuchukua saa moja na nusu, saa 250 ni ekari kama 165. Na zile safari za tela la mchanga na matofali kiangazi kizima nazo ni saa, msijifanye hazipo.

Kuna wanaoangalia rangi tu. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema sana baada ya kuwekwa, na huo weusi ni dalili kwamba inabeba masizi, ndiyo kazi yake. Ogopa vitu viwili vingine. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Na ukivuta stiki asubuhi ukakuta oili imeongezeka wakati hujaongeza, inusie: ikinuka dizeli, mara nyingi ni ile pampu ndogo ya mkono ya kuvuta dizeli, mpira wake wa ndani umepasuka na unavujia kwenye sampo. Oili inakuwa nyepesi, presha inashuka, na mwenye trekta anafurahi eti injini haili oili! Usilime hata ekari moja hapo.

Nimeacha vumbi makusudi mpaka hapa kwa sababu linastahili nafasi yake. Hawa wenzetu wanahangaika na baridi, sisi adui ni vumbi, hasa pale unapolima udongo mkavu kuwahi mvua, au unapokokota tela barabara ya vumbi lori likiwa mbele. Vumbi likipita kwenye hewa linasaga silinda na ringi kama msasa, halafu linashuka kwenye oili. Massey nyingi za zamani kisafisha hewa chake ni bakuli lenye oili, hewa inapita juu yake na vumbi linanasa. Kipindi cha vumbi fungua bakuli hilo kila siku. Ukikuta tope limejaa chini, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili safi mpaka kwenye alama, usizidishe. Hapa hata oili ya CI-4 ya bei mbaya haitakusaidia kama bakuli limejaa udongo wa Machochwe.

Kuhusu feki. Angalia sili ya mfuniko haijaguswa, namba ya toleo imechapwa na haifutiki kwa kidole, alama ya TBS ipo, na dai risiti. Ukiuziwa bandia wenye kazi hiyo ni Tume ya Ushindani, FCC. Ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na lebo, kwa trekta, hapana. Na ukimaliza dumu lako litoboe, maana dumu zima lenye lebo safi ndilo linalojazwa upya takataka likauzwa kwa jirani yako. Najua nyumbani watalalamika, dumu ni mali, linachota maji. Hata hivyo dumu la oili kwa maji ya kunywa ni la nini? Ile oili chafu wengi tunapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, sawa, ila kaa mbali na kisima na mto, na vaa kitu mikononi.

La mwisho kwa haraka: oili ya gia na haidroliki ya nyuma ni kitu kingine kabisa, usimalizie mabaki ya injini huko, hasa kama breki za trekta lako zinaogea kwenye oili hiyohiyo.

Haya, wenye matrekta Issenye, Ring'wani, Nyamongo mpaka Tarime, tupieni hapo chini mnatumia oili gani, imeandikwa C gani, na dumu la lita 5 mmelipata kwa bei gani wiki hii. Kuna mdau wa Majimoto ananiuliza CI-4 inapatikana duka gani bila kwenda Musoma, mwenye jibu amsaidie, anataka kumwaga kabla ya Jumamosi.