Harusi ya Unguja Ianzie Mabogini

Vijana wa Moshi wanazidi kuitamani harusi ya ufukweni. Binti aliyekulia Mabogini, kati ya majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa ya TPC, anataka siku yake asimame peku kwenye mchanga mweupe wa Kendwa au Jambiani. Hamu hiyo ni halali, na Unguja ni nchi yetu, hakuna visa ya kuomba. Lakini katika kazi yangu ya kuratibu sherehe nimeona kwamba familia nyingi hupanga harusi ya kisiwani kwa mazoea ya harusi ya ukumbini Moshi, na hapo ndipo fedha na undugu huanza kuharibika. Ushauri wangu kwao ni mmoja: ndoa na sherehe ya ukoo vibaki nyumbani, na watu wachache wavuke bahari.

Tuanze na fedha. Harusi zetu hulipiwa na kamati. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, inakaa vikao, inagawa kadi za michango, inafuatilia ahadi kwa simu. Anayechanga hatoi sadaka. Amenunua kiti chake, kadi ya mtu mmoja au ya wawili, na siku ikifika anatarajia kukikalia. Moshi mjini kiti hicho ni sahani ya chakula na vinywaji. Unguja kiti hichohicho kinageuka kuwa tiketi ya kwenda na kurudi, kitanda kwa usiku usiopungua miwili, na gari la kutoka bandarini Malindi hadi Nungwi. Hakuna mchango wa kawaida unaoweza kubeba mzigo huo. Kamati inayochukua fedha za watu 300 kisha ikapeleka 40 ufukweni imewanyang'anya 260 viti vyao, hata kama hakuna shilingi iliyoibiwa.

Kwa hiyo fungueni madaftari mawili tangu kikao cha kwanza. Michango ya kamati ilipie sherehe ya Mabogini peke yake. Safari ya Unguja walipe maharusi wenyewe, wazazi, na wale waliokubali mapema kujilipia. Mweka hazina wa daftari moja asishike la pili. Na kwenye kadi ya mchango iandikwe wazi kwamba sherehe inayochangiwa itafanyika Mabogini.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kuvuka bahari. Mahari ya Kichagga hukamilika penye nyumba: mbege, mbuzi, blanketi la bibi, wazee wamekaa, mshenga anazungumza. Ndafu nayo ina maana ikiwa wajomba na mashangazi wapo wa kugawiwa. Bibi wa miaka 80 asiyeweza kukaa saa tisa ndani ya basi kwenda Dar es Salaam ana haki ya kumwona mjukuu wake akiwa amevaa shela. Harusi isiyo na nafasi ya bibi huyo, mimi siwezi kuishauri.

Upande wa sheria watu wengi hawaujui vizuri. Ndoa si jambo la Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na ofisi zake za usajili, na Waislamu huko wana Mahakama ya Kadhi. Kwa sheria ya Bara, wanaotaka kuoana wanapaswa kutoa notisi siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi asikike. Makanisa nayo hutangaza ndoa Jumapili kadhaa kwa sababu hiyohiyo. Kwa Mkatoliki, mahali pa kufungia ndoa ni kanisani, katika parokia ya mmoja wa maharusi. Kwenda parokia nyingine kunahitaji ruhusa, na mahali pasipo kanisa, kama ufukweni, panahitaji ruhusa ya askofu. Anayetaka kanisa la kisiwani atakuta mawili Mji Mkongwe: Minara Miwili, yaani Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa miaka ya 1890, na la Waanglikana pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Pale Mkunazini mtu aingie akijua amesimama mahali gani. Waislamu wa Mabogini wana wepesi zaidi, kwa kuwa nikahi ni walii, mashahidi wawili, mahari na kauli, nayo inaweza kufungwa nyumbani kwa bibi harusi asubuhi moja tu. Ndoa ikishafungwa na kusajiliwa huku, kinachobaki Unguja ni baraka, picha na karamu, na hakuna msajili wa kukimbizana naye mkiwa safarini.

Sasa bahari yenyewe. Wapangaji wengi hutazama picha za hoteli na kusahau kwamba maji ya Unguja hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvu, yaani za maji makubwa, tofauti ya kina hukaribia mita nne. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Paje na Jambiani, maji yakitoka huacha uwanda mrefu wa mchanga, mawe na majani ya bahari, na mawimbi yanaonekana mbali kwenye mwamba. Bibi harusi aliyeota maji ya buluu nyuma yake atapigwa picha akiwa mbele ya matope. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali kiasi hicho, na ndiyo sababu vyumba vya huko ni ghali.

Kupwa na kujaa huku kuna utaratibu unaotabirika. Bamvu huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo Unguja maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hutoka karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Chagua basi siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu: maji yatakuwa yamejaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, jua limepoa, na kwa pwani ya mashariki mwezi utachomoza kutoka baharini wageni wakiwa mezani. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mpangilio unageuka na jioni maji hupwa. Kamati zetu zimezoea kusema Jumamosi kabla ya kuuliza chochote. Kwa harusi ya ufukweni, anzeni na mwezi, kisha mtafute Jumamosi iliyo karibu nao, na mkikosa chukueni Alhamisi.

Asubuhi ya bamvu, maji yakiwa nje, wanawake wa Paje na Jambiani huwa kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo walichokianza mwaka 1989. Kamba na vijiti mnavyoviona mchangani ni mali ya mtu na ni ada ya shule ya mtoto wake. Mpiga picha asivikanyage, na asimpige mtu picha bila kumwomba.

Majira nayo yana neno. Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa kusimamisha mahema, na baadhi ya hoteli hufunga. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu upande wa mashariki. Shela hupeperuka na spika hazisikiki. Tangambili ya Oktoba ni tulivu. Desemba na Januari kaskazi huvuma vizuri lakini vyumba hupanda bei kupita miezi yote. Hapo mkazi wa Moshi ana bahati asiyoitumia: Desemba ndiyo mwezi ambao Wachagga wote hurudi mlimani. Fanyeni sherehe ya ukoo Mabogini wiki ya Krismasi, ukoo ukiwa umekusanyika kwa nauli zake wenyewe, na Unguja mwende Februari bei zikianza kushuka, au msubiri Oktoba. Angalieni tu Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma takriban siku 11 na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza Februari. Mchana wa mfungo migahawa mingi ya vijijini hufungwa, na muziki wa harusi hauna mahali.

Vileo visibebwe kutoka bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa leseni, na mwanzoni mwa mwaka 2024 kisiwa kilikumbwa na uhaba baada ya waagizaji kubadilishwa. Hoteli iulizwe kwa maandishi itatoa nini na kwa bei gani. Mbege ibaki Mabogini, inakonyweka ikiwa mbichi. Ukitoka nje ya hoteli, mabega na magoti yafunikwe. Wenyeji watakupokea kwa heshima uliyowaletea.

Njia za kwenda ni mbili: ndege kutoka KIA, au basi hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 560, kisha boti ya karibu saa mbili. Wanaopanda boti walale Dar usiku mmoja. Basi likichelewa Segera, tiketi ya boti ya jioni imepotea. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA. Ndugu wanaotoka ng'ambo na pasipoti za kigeni wanatakiwa kununua bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, tangu Oktoba 2024. Na asitokee mtu wa kupendekeza dhau la usiku kutoka Pangani au Bagamoyo ili kupunguza gharama. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012, na mamia ya ndugu zetu walikufa. Pandeni chombo chenye leseni, kwa idadi iliyoruhusiwa, mchana.

Kabla hamjalipia chumba hata kimoja, nendeni wawili kwa paroko, mchungaji au sheikh wenu hapo Mabogini, mkiwa na vyeti vyenu na kalenda yenye alama za mwezi, mkamwombe tarehe ya ndoa. Mkishaipata hiyo, hoteli zipo na bahari haiendi popote.