Jamvi Moja, Skrini Moja: Jioni ya Filamu Nyumbani



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu nyingi, ikishasaliwa Isha kila mtu hushika kona yake. Baba yumo katika simu, mama yumo katika simu, na watoto nao wametawanyika vyumbani. Wote wako chini ya paa moja, lakini hakuna ajuaye mwenziwe anatazama nini. Wapo miongoni mwetu wasiotaka filamu kabisa majumbani mwao, na rai yao twaiheshimu. Lakini kwa walio wengi filamu imeshaingia, imo kiganjani. Swali lililobaki ni iwapo mtoto ataitazama peke yake gizani, au ubavuni mwa mzazi wake.

Tunao mfano mwema katika sira. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, na Bi Aisha (r.a.) akatamani kuwatazama. Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimsitiri kwa shuka yake, akasimama naye mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Humo mna fiqhi kubwa ya malezi: kuruhusu, kusitiri, na kuwapo.

Basi twapendekeza kila familia itenge jioni moja, japo mara moja kwa mwezi, iwe na maudhui yake. Chagueni kwanza funzo, kisha ndipo mtafute filamu. Tuseme funzo ni amana. Iko filamu ya Kiirani ya mwaka 1997, Children of Heaven, iliyoongozwa na Majid Majidi. Mtoto Ali anatumwa kuchukua viatu vya dada yake, Zahra, kwa fundi. Navyo vikampotea akinunua viazi. Baba hana uwezo wa kununua vingine, hivyo ndugu wawili hawa wanavaa jozi moja kwa zamu: Zahra asubuhi, Ali mchana. Baadaye Ali anaingia mashindano ya mbio akiomba awe wa tatu, kwani zawadi ya wa tatu ni viatu.

Imo sehemu moja fupi ambayo kila mzazi angependa mwanawe aione. Baba anavunjavunja sukari ya msikiti aliyokabidhiwa, na chai yake mwenyewe haina sukari. Binti anashangaa, mbona sukari ni tele mbele yake? Baba anakataa kuigusa, kwa kuwa ile ni amana. Darasa zima la fiqhi limo katika kikombe hicho kimoja.

Filamu hiyo ni ya Kifarsi, na maneno yake hutafsiriwa kwa maandishi chini ya picha. Mkubwa na awasomee wadogo kwa Kiswahili. Hapo kutazama kutakuwa kwa jamaa nzima. Tandikeni jamvi ukumbini, pikeni chai ya rangi, andaeni bisi, viazi karai na kachiri za muhogo. Na kila mtoto alete viatu vilivyombana, vioshwe, wapewe wenye haja.

Mzazi aitazame filamu kwanza yeye, kabla ya siku yenyewe. Aangalie pia daraja la Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya: GE ni ya wote, PG yahitaji uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Azime ule mtindo wa video kufuatana zenyewe. Ama wakati, Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo marefu baada ya Isha. Wenye watoto wadogo waanze baada ya Alasiri na wamalize kabla ya Magharibi. Jioni iliyotupotezea sala ya Alfajiri imetutia hasara.

Filamu ikimalizika, simu zisirudi mikononi upesi. Mzazi asiligeuze jamvi kuwa mimbari. Aulize, kisha asikilize. Je, Ali kumficha baba kupotea kwa viatu kulikuwa huruma au uongo? Zahra alipoviona viatu vyake miguuni mwa binti wa kipofu, kwa nini alirudi kimya? Ali alishika nafasi ya kwanza, mbona alilia?

Faida kubwa iko hapo. Mtoto aliyezoea kusikilizwa juu ya alichokiona jamvini atakuja kuwaambia siku atakapokutana na jambo ovu katika simu. Asiyezoea atanyamaza, na kimya hicho ndicho kinachotuharibia watoto. Tumefundishwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Allah (s.w.t.) azijaalie nyumba zetu utulivu, na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.