Tiba kwa njia ya simu yamfaa mwajiri na mwajiriwa

KATIKA eneo la Mbaraki, kisiwani Mombasa, lenye gati, maghala na yadi za malori, kazi nyingi huendeshwa kwa zamu. Mfanyakazi anayejihisi mgonjwa hulazimika kuomba ruhusa, kwenda hospitalini na kupiga foleni, na huenda siku nzima ikapotea kwa mashauri ya dakika chache. Aishiye Likoni huongezewa safari ya feri.

Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, kukosa zamu ni kukosa ujira. Kwa mwajiri, ni pengo ambalo sharti lizibwe upesi.

Ndiyo sababu huduma ya kushauriana na daktari kwa simu au video ina manufaa kwa pande zote mbili. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua huduma ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa matibabu.

Wanaofaidika zaidi ni wenye maradhi ya kudumu kama vile kisukari na shinikizo la damu. Mgonjwa aliyekwisha kupimwa anaweza kumsomea daktari vipimo vyake, akaelekezwa kuhusu dawa, kisha akarejea kazini. Anayeahirisha kliniki kwa kuhofia kukatwa mshahara huishia kulazwa, na hapo gharama huwa kubwa kwake na kwa mwajiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, simu haiwezi kuchukua nafasi ya zahanati. Homa inayoshukiwa kuwa malaria huhitaji kipimo cha damu. Aliyeangukiwa na mzigo, anayeumwa na kifua au anayeshindwa kupumua apelekwe hospitalini mara moja.

Vilevile, huduma hii haiondoi haki ya likizo ya ugonjwa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku saba zenye malipo kamili na nyingine saba zenye nusu ya malipo katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari.

Suala zito zaidi ni siri. Mfanyakazi akishuku kwamba maelezo yake yatamfikia msimamizi, atanyamaza, na huduma itakuwa bure. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwajiri, hata akiwa ndiye anayelipia huduma, hana haja ya kujua jina la ugonjwa. Kinachomhusu ni iwapo mtu huyo anaweza kufanya kazi, na kwa masharti gani.

Kwa hivyo, kampuni inayotaka kunufaika haina budi kutenga chumba cha faragha, kumpa mfanyakazi muda wa mashauri bila kumkata mshahara, na kuandaa usafiri kwa anayehitaji kupimwa ana kwa ana.