Folda Iliyofichwa Haijafungwa

Ukiwa pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, na unataka kuprinti taarifa ya miamala yako ama kumalizana na KRA kabla ya tarehe 30 Juni, pengine utaingia saiba. Kitambulisho kinaskaniwa kwa kompyuta moja, kinaprintiwa kwa nyingine. Katikati kuna folda ya pamoja, na faili yako inaweza kubaki humo hata ukishalipa na kwenda zako.

Wako wenye saiba wanaoificha folda hiyo. Kwa Windows ni rahisi: jina lake la mtandaoni unalimalizia na alama ya dola, kwa mfano wateja$. Mtu akifungua orodha ya folda za kompyuta hiyo, haioni. Mhudumu anayeitaka anaandika anwani yote mwenyewe, juu kwenye dirisha la faili: \\KAUNTA\wateja$. KAUNTA hapo ni jina la kompyuta inayohifadhi folda.

Lakini ile dola haifungi chochote, inatoa jina kwenye orodha tu. Kwa kompyuta nyingine ya mtandao huo, amri net view \\KAUNTA /all inaweza kuonyesha hata yaliyofichwa. Tena ukishiriki folda kwa Advanced Sharing, Windows huanza kwa kumruhusu "Everyone", yaani kila mtu, kusoma. Kama sharti la nenosiri limezimwa, hata mteja aliye kwenye waifai hiyo anaweza kuingia.

Hasara iko wapi? Tapeli akiwa na nakala ya kitambulisho chako, namba ya simu na taarifa ya miamala, ana maneno ya kukupigia nayo. Atakutajia pesa ulizotuma juzi na uliyemtumia, nawe utadhani ni sisi. Kitakachobaki ni kukuomba PIN. Sisi hatukupigii kuomba PIN, hata siku moja.

Kama wewe ni mwenye saiba ama wakala, andika net share kwa kompyuta yako uone folda zote zilizoshirikiwa. Usishtuke ukiona C$ na ADMIN$: hizo Windows huziweka yenyewe, na huhitaji akaunti ya msimamizi. Kwa folda ya wateja, ondoa "Everyone", weka akaunti ya mhudumu yenye nenosiri, na waifai ya wateja uitenge na ya kompyuta za kazi.

Kama wewe ni mteja, usiondoke kabla faili haijafutwa, kwenye folda na kwenye pipa la taka. Funga barua pepe uliyofungua. Namba ya kufungulia taarifa yako iandike mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data isiyohitajika tena ifutwe, basi usione haya kuomba.