Nani Mzururaji?

Mwaka 1963 Howard Becker, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kwamba upotovu haumo katika tendo peke yake. Huzaliwa pale wenye mamlaka wanapotunga kanuni na kumbandika mtu jina. Kariakoo yaonyesha hayo waziwazi. Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya 1983, mchuuzi asiye na kibali aliweza kuitwa mzururaji, akakamatwa na kurudishwa kijijini. Mwaka 2018 mchuuzi wa namna ile ile alipewa kitambulisho kwa shilingi 20,000, akaitwa mjasiriamali mdogo. Mwaka 2021 akaondolewa tena barabarani. Jua na njaa havikubadilika. Vyama vya ushirika navyo vina jina lao, "mdaiwa sugu", nalo laweza kubandikwa kabla mwanachama hajaulizwa mavuno yake yalikuwaje.